Waya wa Ras Kiromoni

Kwa miaka mingi mtu wa Dar es Salaam aliyetaka roli la waya, swichi au jenereta ndogo alikwenda Kariakoo, na nyuma ya kaunta, mara nyingi, alipokelewa na Mpemba. Biashara ilipolegezwa miaka ya 1980, Wapemba waliingia mitaa ya Kariakoo kwa bidii ambayo hadi leo haijapoa. Walifungua maduka ya nguo, ya vyombo, ya vifaa vya ujenzi na ya umeme, mpaka "kwa Mpemba" ikawa anwani ya kila mtaa wa jiji. Katika maduka hayo zilikuwapo balbu za kutosha kuwasha mji mzima, wakati miji ya Pemba, Chake Chake, Wete na Mkoani, ikitegemea mitambo ya dizeli ya Wesha, iliyonyamaza kila mafuta yalipochelewa au kipuri kilipokosekana. Mfanyabiashara aliwauzia wenzake mwanga ambao mama yake hakuwa nao.

Hali hiyo ilidumu hadi 2010. Kuelewa kwa nini ilidumu, na kwa nini Unguja ilipata umeme wa bara miaka 30 kabla ya Pemba kisha ikajikuta gizani kwa miezi mitatu mfululizo, inabidi kuufuata waya wenyewe tangu Ubungo, kupitia Tegeta, hadi pale unapoingia majini Ras Kiromoni, kaskazini mwa jiji. Wakazi wengi wa Dar es Salaam hawajui kama upo. Ninaamini ni moja ya kazi kubwa zilizowahi kufanywa katika pwani yetu, na historia yake inaonyesha kwamba bahari haikuwa mpinzani mkubwa. Kilichoamua nani awashe taa na nani asubiri ni hesabu za fedha, na tabia yetu ya kujenga kitu kimoja na kukitegemea bila akiba.

Mambo yalianzia upande wa pili wa maji. Sultani Barghash bin Said alipojenga Beit al-Ajaib mwaka 1883 mbele ya bandari ya Unguja, jumba hilo lilikuwa miongoni mwa majengo ya kwanza Afrika Mashariki kuwaka taa za umeme. Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa kijiji chenye magofu ya mji ambao Sultani Majid aliuanza miaka ya 1860 akafariki kabla ya kuumaliza. Mashine ya umeme ya kasri ya Unguja haikukaa huko milele. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua na kuihamishia kwake, na ndiyo iliyokuwa chimbuko la kampuni ya umeme ya Mombasa. Kwa hiyo umeme wa kwanza kuvuka maji katika pwani hii ulitoka kisiwani kwenda bara, ukiwa umepakiwa chomboni kama mtambo.

Mwaka huohuo wa 1908 Wajerumani waliwasha umeme wa kwanza wa Dar es Salaam. Ulihudumia karakana za reli na sehemu ya mji walikokaa wakoloni. Reli ya Kati ilikuwa imeanza kujengwa kutoka bandarini mwaka 1905, na treni ndizo zilizohitaji mashine, nyundo na mota. Taa za sebuleni Uzunguni zilifuata nyuma ya mahitaji ya reli. Eneo ambalo leo ni Kariakoo lilikuwa jirani kabisa na reli hiyo. Wajerumani walilipangia liwe makazi ya Waafrika, wakajenga banda la soko mwaka 1914, vita vikaja kabla soko halijafunguliwa. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 walilitumia kwa kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na jina likabaki midomoni mwa watu. Soko lenyewe lilianza kazi miaka ya 1920, na jirani zake wakaendelea kuwasha vibatari na chemli huku nguzo za umeme zikiishia mitaa ya wenye fedha.

Jambo hilo lina uzito katika historia hii. Uzunguni ilikuwa na umeme na Kariakoo haikuwa nao, na hapakuwa na bahari katikati. Palikuwa na mitaa michache ya mchanga. Serikali ya Kiingereza ilianzisha idara ya umeme mwaka 1920, kisha mwaka 1931 kazi ikakabidhiwa kampuni mbili binafsi: TANESCO ya wakati huo ikachukua Tanga na kaskazini mashariki, na DARESCO ikachukua Dar es Salaam na miji iliyofuata reli ya kati, Dodoma, Tabora na Kigoma. Kampuni huvuta waya kwenda kwa anayeweza kulipa. Kariakoo, iliyojaa wapangaji wa vyumba na wachuuzi, ilisubiri. Baada ya Uhuru serikali ilinunua hisa, kuanzia 1964, na mwaka 1968 likabaki shirika moja la taifa kwa jina tunalolijua. Unguja na Pemba, ingawa zilikuwa ndani ya Muungano tangu Aprili 1964, zilibaki na shirika lao na mitambo yao, kwa kuwa umeme haukuwamo katika mambo ya Muungano.

Kisha ikaja miaka ya 1970. Bei ya mafuta duniani ilipanda takriban mara nne baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973, ikapanda tena 1979. Kwa kisiwa kinachowasha taa kwa dizeli, hiyo ilikuwa hukumu. Kila saa ya umeme wa kituo cha Mtoni, nje kidogo ya mji wa Zanzibar, ilikuwa inachoma fedha za kigeni zilizoletwa na karafuu. Bara walikuwa wamechagua njia nyingine. Mwaka 1975 bwawa la Kidatu, kwenye Mto Ruaha Mkuu, lilianza kuzalisha megawati 100, na njia ya msongo wa kilovoti 220 ikaleta umeme huo Ubungo kupitia Morogoro. Mwaka huohuo Kariakoo ilipata soko jipya, kazi ya msanifu Beda Amuli, lenye paa la miavuli ya zege iliyoachwa wazi ili mwanga na hewa viingie vyenyewe. Amuli alijua nchi anayoijengea. Ghorofa za juu ziliendelea na biashara umeme ulipokatika. Wa shimoni, ghorofa ya chini ya ardhi, ndio waliotafuta mshumaa.

Mwaka 1980 awamu ya pili ya Kidatu ilikamilika, uwezo ukafika megawati 204. Viwanda vilikuwa vinadhoofika baada ya vita vya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni, na gridi ya bara ikawa na umeme zaidi ya wateja wake. Ng'ambo ya mkondo palikuwa na kisiwa kinachochoma dizeli ya bei mbaya. Hesabu ilijijibu yenyewe, na Norway, nchi ya visiwa vingi na yenye uzoefu mrefu wa kulaza nyaya baharini, ikatoa fedha. Mwaka huohuo waya wa kilovoti 132, wenye uwezo wa kupitisha megawati 45, ulilazwa kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, kusini mwa Unguja, umbali usiofika kilomita 40. Kutoka Fumba nguzo ziliupeleka Mtoni. Mitambo ya dizeli iliyokuwapo Mtoni ikazimwa, ikawa ya akiba, na baadaye ikachoka bila mtu kuijali.

Waya wa aina hii hauko kama wa nguzoni. Wa nguzoni ni shaba au aluminiamu tupu, na hewa inayouzunguka ndiyo inayouhami. Wa baharini unaanza na kiini cha shaba, juu yake tabaka nene la kuhami, kisha ala ya risasi inayozuia maji yasipenye hata tone, kisha deraya ya nyuzi za chuma cha pua au chuma kilichopakwa zinki ili nanga na mwamba visiujeruhi. Meli maalumu huubeba ukiwa umezungushwa kwenye tangi, na kuuteremsha taratibu huku ikifuata njia iliyopimwa. Kasoro kubwa zaidi haionekani kwa macho. Waya uliofungwa namna hiyo hujaa chaji na kumwaga chaji kila mara mkondo wa umeme unapobadili mwelekeo, mara 100 kwa sekunde, na kadiri unavyokuwa mrefu ndivyo sehemu kubwa ya umeme inavyoishia kuujaza waya wenyewe. Ndiyo maana Wasweden walipounganisha kisiwa cha Gotland mwaka 1954, umbali wa karibu kilomita 100, walitumia umeme usiobadili mwelekeo, jambo lililokuwa geni kabisa kibiashara wakati huo. Mkondo wa Zanzibar, kwa bahati, ni mfupi na una kina kidogo. Unguja inakaa juu ya jukwaa moja na bara; maelfu ya miaka iliyopita, bahari ilipokuwa chini, mtu angeweza kutembea kwa miguu.

Tangu 1980, basi, Ubungo ikawa njia panda. Njia moja ilikwenda kituo cha Ilala, kinacholisha Kariakoo na katikati ya jiji. Nyingine ilikwenda kaskazini hadi Kiromoni na kuvuka. Taa ya duka la Mtaa wa Msimbazi na taa ya marikiti ya Darajani zilikuwa zinachota kwenye mtungi mmoja. Mvua zikikosekana Usangu, maji yanapungua Ruaha Mkuu, na mtu wa Ng'ambo au Mwanakwerekwe, ambaye huenda hajawahi kuiona Mbeya, anaumia. Gridi ikianguka nzima, Unguja nayo huzima.

Kwa Wazanzibari wa mashamba waya huo ulibadili maisha polepole. Norway iliendelea kugharamia usambazaji vijijini kwa zaidi ya miaka 20. Mwanaanthropolojia Tanja Winther, aliyeishi Uroa, pwani ya mashariki ya Unguja, alitoa mwaka 2008 kitabu kizima juu ya umeme ulivyoingia katika kijiji hicho: taa, televisheni, majokofu, na namna watu walivyopanga upya jioni zao. Jikoni, hata hivyo, kuni na mkaa vilibaki, na moja ya sababu alizozipata ni ladha ya chakula. Ninaona hili ni somo kwa wapangaji wanaodhani umeme ukifika kila kitu kinahama siku hiyohiyo. Jambo moja lakini lilihama kweli. Maji ya bomba ya Unguja yalianza kutegemea pampu za umeme. Kisima kilichochotwa kwa ndoo hakijali Kidatu. Kisima cha pampu kinaijali sana.

Wakati huo bara nako mambo hayakuwa shwari. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulileta mgao, na neno hilo likaingia katika lugha ya kila siku ya jijini. Ili kutoka katika utegemezi wa mvua, serikali iligeukia gesi iliyogunduliwa mwaka 1974 katika kisiwa kidogo cha Songo Songo, karibu na Kilwa. Mwaka 2004 bomba lilianza kuisafirisha: kilomita 25 chini ya bahari hadi Somanga, kisha zaidi ya kilomita 200 nchi kavu hadi mitambo ya Ubungo. Kwa hiyo kisiwa ambacho wageni wengi hawawezi kukionyesha kwenye ramani kikawa kinaiangazia Dar es Salaam, na kupitia Dar es Salaam kinaiangazia Unguja. Gesi inaingia jijini kutoka kusini ikianzia baharini, umeme unatoka jijini kaskazini kwa njia ya bahari.

Hata hivyo ukame wa 2006 uliikuta nchi haijajiandaa. Kariakoo ikageuka jiji la jenereta: moja mbele ya kila duka, moshi barazani, kelele mpaka muuzaji na mnunuzi wanaongea kwa ishara. Mkataba wa dharura wa kampuni ya Richmond, uliotokana na mgao huo, ulizaa kashfa iliyomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu tarehe 7 Februari 2008. Siku 10 baadaye, tarehe 17 Februari, Rais Jakaya Kikwete na Rais George W. Bush walitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, wa dola milioni 698. Ndani yake mlikuwa na fedha za waya wa pili wa Unguja.

Waya wa kwanza haukuusubiri. Usiku wa tarehe 21 Mei 2008, mnamo saa nne, umeme wa Unguja ulikatika na haukurudi kwa karibu mwezi mzima. Waya ulikuwa na miaka 28. Uliwekwa kwa ajili ya kisiwa cha watu wachache na hoteli za kuhesabika kwa vidole. Ulipofika 2008 ulikuwa unabeba mji uliotanuka, vijiji vilivyounganishwa na mwambao mzima wa utalii kuanzia Nungwi hadi Paje, na mzigo ulikuwa umekaribia kikomo chake cha megawati 45. Hapakuwa na waya mwingine sambamba. Mitambo ya Mtoni haikuweza kazi.

Kukatika kwa umeme mwaka 2008 kulifundisha jambo ambalo takwimu za megawati hazisemi. Mchumi Alfredo Burlando alizifuatilia kumbukumbu za uzazi za Unguja na kukuta kwamba wanawake waliokuwa wajawazito kipindi kile cha giza walijifungua watoto wenye uzito pungufu kuliko kawaida. Sababu aliyoiona ni kipato: fundi cherehani wa mashine ya umeme, mchomelea vyuma, kinyozi, muuza barafu, wote walipoteza saa za kazi, na mfuko ulipopungua sahani ikapungua. Alikuta pia kwamba miezi minane hadi kumi baadaye watoto wengi zaidi ya kawaida walizaliwa. Waya unapoungua huko Kiromoni au Fumba, mtoto ambaye bado hajazaliwa anashiriki hasara. Sijui ushahidi mwingine unaoweza kumwonyesha waziri wa fedha kwa uwazi kama huo kwa nini waya wa akiba si anasa.

Waya ulitengenezwa. Mwaka uliofuata, Julai 2009, waya mwingine wa baharini ulizinduliwa kwa shangwe, ule wa SEACOM, ulioleta intaneti ya kasi pwani ya Afrika Mashariki na kutua Dar es Salaam. Magazeti yalijaa habari za nchi kuunganishwa na dunia. Tarehe 10 Desemba 2009 Unguja ilizimika tena.

Safari hii ilikuwa miezi mitatu. Hitilafu ya waya wa msongo mkubwa haitengenezwi na fundi wa mtaani mwenye koleo na gundi. Kwanza inapimwa kujua iko wapi; kisha vinahitajika vipande vinavyolingana na waya uliotengenezwa miaka 30 nyuma, ambavyo havikai rafuni popote; kisha wanahitajika mafundi waliosomea kuunga tabaka kwa tabaka katika ukavu na usafi kama wa chumba cha upasuaji, kwa sababu unyevu kidogo ukinaswa ndani, kiungo kitalipuka siku kitakapopewa umeme. Unguja ikasubiri wageni na vipuri kutoka ng'ambo, huku msimu wa watalii ukiwa umepamba moto.

Mji Mkongwe ulinguruma kwa jenereta. Mabomba yalikauka, vijana wakazungusha mikokoteni ya madumu ya maji na bei ya dumu ikapanda. Mwenye hoteli kubwa alichoma dizeli na kubaki na wageni wake. Mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vitano alifunga. Samaki walioza, kwa kuwa barafu haikuwapo. Hospitali ya Mnazi Mmoja ilifanya kazi kwa jenereta. Boti za Dar es Salaam zilizidi kuwa njia ya uhai: jenereta, mafuta, taa za kuchaji na betri ni bidhaa ambazo Kariakoo haikosi, na ndugu wenye maduka huku walijua kabla ya mtu yeyote ni kitu gani kinahitajika kule. Umeme ulirudi Machi 2010.

Katika giza hilo kulikuwa na kundi moja la Wazanzibari ambalo lingeweza kusema, kwa haki, kwamba halioni tofauti. Pemba haikuwahi kuunganishwa. Sababu ya kwanza ilikuwa ya jiografia. Tofauti na Unguja, Pemba imetengwa na bara kwa mamilioni ya miaka na mfereji wa bahari wenye kina cha mamia ya mita. Meli ya kulaza waya inabidi iuteremshe kwenye shimo hilo ukining'inia kwa uzito wake mwenyewe, kisha iupandishe tena upande wa pili. Wala kupitia Unguja hakungesaidia, kwa maana kati ya visiwa hivi viwili kuna bahari yenye kina pia. Sababu ya pili ilikuwa ileile iliyoichelewesha Kariakoo zama za DARESCO: Pemba ilikuwa na wateja wachache na hoteli chache, ingawa karafuu nyingi za Zanzibar zilitoka kwenye vilima vyake. Sababu ya tatu inajulikana na kila aliyeishi siasa za miaka ya 1990 na 2000. Kisiwa hicho kilikuwa ngome ya upinzani, na hisia ya kwamba kinaachwa makusudi ilikuwa kubwa mno kuweza kupuuzwa. Siwezi kuzigawa sababu hizo kwa mizani. Ninachoona ni kwamba uhandisi ulipopewa fedha haukushindwa.

Fedha zilitoka tena Norway kwa sehemu kubwa, pamoja na mchango wa Serikali ya Mapinduzi, na waya ulitengenezwa na Nexans. Ulianzia Majani Mapana, Tanga, ukavuka karibu kilomita 78 za bahari hadi Pemba. Kwa urefu huo wahandisi walichagua msongo mdogo wa kilovoti 33, wenye uwezo wa takriban megawati 20, ili ule umeme unaoishia kuujaza waya usiwe mwingi kupita kiasi. Rais wa Zanzibar, Amani Abeid Karume, aliuzindua mwezi Juni 2010, wiki chache kabla ya kura ya maoni ya Julai iliyofungua mlango wa serikali ya umoja wa kitaifa Zanzibar. Mitambo ya Wesha ikapumzika. Kwa mara ya kwanza mwenye duka wa Kariakoo aliweza kupeleka jokofu kwao bila kupeleka na jenereta ya kuliendesha.

Waya wa pili wa Unguja, ule wa mkataba wa Februari 2008, ulilazwa na kampuni ya Viscas ya Japani na kuanza kazi mwaka 2013: kilovoti 132, megawati 100, njia ileile ya Kiromoni hadi Fumba. Wa zamani ukawa msaidizi wake. Hapo ndipo, miaka 33 baada ya kuanza, kisiwa cha watu wengi kilipopata kile ambacho kingepaswa kuwa nacho tangu siku ya kwanza. Lakini nyaya mbili zinazoanzia rasi moja na kuishia rasi moja, zikilishwa na njia moja ya nguzo kutoka Ubungo, bado ni akiba ya nusu. Nanga moja mbaya au moto mmoja wa kituo unaweza kuzigusa zote mbili.

Baada ya hapo kilichobaki dhaifu kilikuwa hati ya madai. TANESCO inaiuzia ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, kwa jumla, na ZECO inawauzia wananchi. Bei ya jumla ililalamikiwa Zanzibar kwa miaka, deni likakua hadi likapita shilingi bilioni 100. Machi 2017 Rais John Magufuli, akiwa ziarani Mtwara, aliiagiza TANESCO iwakatie wadaiwa wote bila kumbagua yeyote, Zanzibar ikiwamo. Rais wa Zanzibar, Ali Mohamed Shein, alijibu kwamba Wazanzibari wako tayari kurudi kwenye vibatari. Maneno hayo yalisambaa Kariakoo na Darajani kwa dakika chache, na kwa waliokumbuka Desemba 2009 hayakuwa mzaha hata kidogo. Swichi haikuzimwa, malipo ya sehemu yalifanyika na mazungumzo yakaendelea. Lakini kisiwa kiligundua kwamba waya unaweza kuwa mzima na umeme ukakatika. Haikushangaza kwamba mwaka 2021, Zanzibar ilipopata kwa Benki ya Dunia mradi wa dola milioni 142 wa kuboresha nishati, sola na betri za kisiwani zilikuwa ndani yake.

Upande wa bara, Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lilianza kuzalisha Februari 2024, na uwezo wake kamili ni megawati 2,115, zaidi ya mara 10 ya Kidatu ilivyokuwa mwaka waya wa kwanza ulipovuka. Umeme upo, na Unguja na Pemba zina njia ya kuupata.

Mto huohuo unapoingia baharini, mbele ya delta yake, kuna Mafia. Kisiwa hicho kimeendelea kuwashwa kwa mitambo ya dizeli ya TANESCO, mafuta yakipelekwa kwa vyombo. Kati yake na delta pana kama kilomita 20 tu za maji, robo ya safari ya waya wa Pemba, na Mafia iko juu ya jukwaa lilelile lenye kina kidogo ambalo Unguja imekaa. Mikoko na matope ya delta yana usumbufu wake, ila mwenye kuvuka Mfereji wa Pemba hawezi kusema yanamshinda. Tatizo ni kwamba sensa ya 2012 ilihesabu Mafia watu 46,438, na kwa mizani ya kampuni iliyowahi kuihesabu Kariakoo kuwa si soko la kutosha, idadi hiyo hailipi waya.